Mchongaji, Mfinyanzi au Fundi? Gregory Maloba na Lugha ya Kufundishia Sanamu Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanamsoma upya Gregory Maloba (1922–2007), msanii aliyezaliwa Kenya, akafundisha utengenezaji wa sanamu Makerere, Uganda, kisha akahamia Nairobi. Tunadai kwamba falsafa yake ya ufundishaji imefunikwa na mambo mawili: simulizi ya "kugunduliwa" kwake na mwalimu wake Mwingereza, na neno mchongaji tunalombandika katika Kiswahili bila kulipima. Ushahidi wetu ni kazi zake, historia ya idara alizofundisha, na msamiati tuliousikia katika karakana za eneo la viwanda la Bujumbura.

Utangulizi

Wakazi wa Bujumbura huliita eneo hilo kwa Kifaransa, Zone Industrielle, hata wanapozungumza Kiswahili. Kuna kiwanda cha bia, kuna maghala, kuna malori yanayosubiri mizigo. Na baina ya kuta hizo ndefu, hasa unapokaribia upande wa Buyenzi, kuna karakana ndogo zisizo na bango. Nilikwenda huko kwa shughuli ya kawaida ya mtafiti wa lugha, yaani kukusanya istilahi za wachomeleaji vyuma. Katika karakana moja nilimkuta fundi aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwafundisha vijana wawili kutengeneza geti lenye kichwa cha ng'ombe katikati. Kichwa hicho hakikuwa bapa. Kilijitokeza kwa mbele, kimejengwa kwa vipande vya bati na nondo, pembe zikiwa zimekunjwa kwa moto.

Niliandika maneno yake kama yalivyotoka. "Ongeza hapa. Punguza kule. Zunguka, angalia kwa nyuma. Ngoja ipoe." Kwa muda wa saa nzima hakutamka kitenzi kuchonga hata mara moja. Nilipomuuliza kazi yake inaitwaje, alijibu kwamba yeye ni fundi. Nilipouliza kama ni msanii, alicheka, nao vijana wakacheka.

Niliondoka na daftari lililojaa, na pia na aibu ndogo ambayo ndiyo iliyozaa makala haya. Miaka kadhaa nyuma nilishiriki kutafsiri maelezo ya maonyesho ya sanaa, na kila palipokuwa na msanii wa sanamu niliandika mchongaji, nikaendelea na sentensi iliyofuata. Miongoni mwa niliowabatiza hivyo alikuwemo Gregory Maloba. Nusu ya kazi yake kubwa haikuchongwa.

Mhamiaji wa mpaka uliohama

Maloba alizaliwa mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, upande wa Mumias. Akiwa kijana alivuka kwenda Kampala, akawa mwanafunzi wa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza mwaka 1937 kufundisha sanaa kundi dogo la wanafunzi barazani kwake, kabla ya somo hilo kupata nafasi rasmi Makerere. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Maloba alikwenda kusoma Uingereza, akarudi Makerere, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufundisha katika shule hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Nairobi, katika Idara ya Usanifu ya chuo kikuu. Alifariki mwaka 2007.

Tunamwita mhamiaji, na kwa hati za leo ndivyo alivyokuwa: Mkenya aliyefanya kazi Uganda kwa zaidi ya miongo miwili. Hata hivyo neno hilo linadai tahadhari. Hadi mwaka 1902 magharibi mwa Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, kisha wakoloni wakausogeza mpaka. Maloba alizaliwa miaka 20 baada ya uamuzi huo. Wapo wazee wa kijijini kwao ambao walikuwa "Waganda" kwenye ramani bila kuondoka nyumbani, wakawa "Wakenya" vilevile bila kuondoka nyumbani. Sisi wa Bujumbura, tulio mwendo mfupi tu kutoka Uvira, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.

Simulizi inayorudiwa juu yake huanza na Trowell na mara nyingi hukomea kwa Trowell: mama mwema wa Kiingereza aliona kipaji kilichofichika, akakitoa gizani. Sipendi kumdharau Trowell. Alipigania nafasi ya somo la sanaa wakati wakuu wengi wa elimu waliliona kuwa mchezo, na mwaka 1939 alipeleka kazi za wanafunzi wake kuonyeshwa London. Alikuwa pia na nadharia inayoeleweka. Alifunzwa na Marion Richardson, mwalimu aliyeamini kwamba mtoto achore picha anayoiona akilini badala ya kunakili kilicho mbele yake. Akaleta imani hiyo Kampala na kuongeza yake, kwamba Mwafrika alindwe dhidi ya kuiga Ulaya, sanaa yake iote katika mazingira yake na iwe na matumizi.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Anayelindwa dhidi ya kuiga hulindwa pia dhidi ya kujua. Trowell alipostaafu mwaka 1958 na nafasi yake kuchukuliwa na Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, mkondo uligeuka. Todd alileta historia ya sanaa ya Ulaya na ya kisasa, nadharia ya rangi, na mazoezi ya kuchora kwa kutazama. Wahakiki wengi huieleza historia ya Makerere kama mvutano wa wageni hao wawili. Maloba, aliyefundisha chini ya wote wawili, huwekwa pembeni kama shahidi. Nadhani hapo ndipo kosa lilipo. Kwa wanafunzi waliopita pale miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye ndiye aliyekuwa kiungo: mtu aliyefunzwa kutazama ndani, akaenda Ulaya kujifunza kutazama nje, akarudi na mikono iliyojua yote mawili.

Kupunguza na kuongeza

Trowell aliacha vitabu. Maloba aliacha sanamu na wanafunzi, kwa hiyo falsafa yake hatuna budi kuisoma katika kazi. Nitachukua mbili.

Ya kwanza ni sanamu ya mbao iitwayo Kifo, ya mwaka 1941, iliyotengenezwa kabla hajatimiza miaka 20. Hii imechongwa kwa maana kamili. Gogo ndilo linaloweka mipaka; kila pigo la tezo au patasi linaondoa kitu kisichorudishwa. Kinachonishangaza ni mada yake. Kijana aliyefundishwa kwamba sanaa ya Mwafrika itoke katika maisha yake ya kila siku angeweza kuchonga mwanamke mwenye mtungi, na angesifiwa. Yeye alichagua jambo lisilo na umbo, akalipa umbo. Mti aliopewa kama malighafi "ya Kiafrika" aliugeuza kuwa swali la binadamu wote.

Ya pili inajulikana zaidi. Ni Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, uliopo Nile Avenue karibu na hoteli ya Sheraton. Umbo refu, lenye kimo cha takriban mita sita, limeviringishwa vitambaa kama mgonjwa au kama maiti. Kutoka katika mafungo hayo linamnyanyua mtoto juu, naye mtoto ameinua mikono. Kazi hii ni ya zege. Sanamu ya zege ya kimo kile haisimami bila mifupa ya chuma ndani yake, na hujengwa kwa kuongeza: nondo kwanza, kisha saruji juu ya nondo, kisha ngozi ya nje. Kitenzi kinachofaa hapa si kuchonga. Kiko karibu zaidi na kufinyanga, ambacho Waswahili wamekitumia tangu zamani kwa kazi ya udongo, na hata zaidi na kujenga.

Tofauti hii ingekuwa ya wanaisimu peke yao kama isingegusa ufundishaji. Lugha ya Kiingereza na ya Kifaransa zina neno moja linalomfunika anayepunguza na anayeongeza. Kiswahili kinawatenganisha, na kinafanya hivyo kwa haki, kwa sababu ni taratibu mbili za fikra. Anayechonga hufikiri kutoka nje kwenda ndani na huogopa kosa. Anayejenga hufikiri kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye ngozi, na kosa lake hulibomoa asubuhi. Tunaposema "Maloba, mchongaji" tunamrudisha kwenye gogo la mwaka 1941, yaani mahali pale pale ambapo nadharia ya ulinzi ilitaka abaki. Tafsiri yetu, bila kukusudia, imechagua upande katika mjadala.

Nashawishika kwamba funzo lake kuu lilikuwa hili: malighafi haina kabila. Mti si wa Mwafrika zaidi ya saruji. Mnara wa Kampala hauna pambo hata moja la kutambulisha kabila, hauna ngao, hauna ngoma. Una mwili uliofungwa na unaofunguka. Hauna sura ya kiongozi pia, na hilo tumelichukulia kirahisi mno. Mwaka 1973 Nairobi ilipata sanamu ya Rais Jomo Kenyatta ameketi mbele ya jumba la mikutano la KICC, kazi ya James Butler, Mwingereza. Basi taifa la Kenya liliundiwa sura ya baba wa taifa na mgeni kutoka Uingereza, hali Mkenya ndiye aliyeiundia Uganda sura ya uhuru isiyo ya mtu yeyote. Marais wa Uganda walipokezana, wengine kwa mtutu, na mnara ukabaki, kwa kuwa hapakuwa na uso wa kuuangusha. Tangu mwaka 2010 umo katika noti za Uganda. Waganda wanaushika kila siku sokoni, na sidhani wengi wanajua kwamba aliyeutengeneza alivuka mpaka kuja kwao.

Sherehe za Uganda zilikuwa tarehe 9 Oktoba 1962, siku mia moja kamili baada ya zile za Burundi. Mara nyingi najiuliza sisi tungepata umbo gani kama tungekuwa na mwalimu wa namna hii mjini kwetu wakati ule.

Kiwanda

Shule ya Makerere ilikuja kuitwa kwa jina la Trowell, na jina hilo likajumuisha sanaa za viwanda pamoja na sanaa zile ambazo kwa kawaida tunaziita nzuri. Wengi huliona neno viwanda hapo kama masalia ya ukoloni, dalili kwamba Mwafrika alitakiwa ajifunze kazi za mikono tu. Kuna ukweli ndani yake. Lakini tulitazame neno lenyewe. Katika kamusi za zamani, ile ya Madan na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, kiwanda ni mahali pa kazi ya fundi: ua, uwanja mdogo, karakana. Maana ya jumba lenye mitambo na moshi ilikua baadaye, ikaifunika ile ya kwanza. Na neno sanaa, kwa asili yake ya Kiarabu, linabeba dhana ya utengenezaji, ya kazi ya ustadi. Kwa hiyo ukisema sanaa ya kiwanda kwa Kiswahili cha kale hujapingana na nafsi yako. Mpasuko kati ya msanii na fundi tuliuazima pamoja na mitaala.

Kuhamia kwa Maloba katika Idara ya Usanifu kunasomeka vyema zaidi kwa mwanga huu. Idara hiyo ya Nairobi ilikuwa wakati huo na mhamiaji mwingine mwenye fikra nzito, Selby Mvusi wa Afrika Kusini, mchoraji na mtengenezaji wa sanamu aliyesoma Marekani na kufundisha Kumasi, Ghana, kabla ya kuja Kenya, na aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 1967 akiwa hajafika miaka 40. Mvusi aliandika kile ambacho Maloba alikitenda. Alimtaka msanii wa Afrika aache kupewa kazi ya kulinda mila kwa niaba ya watalii, ajione mtu wa zama za viwanda, na aingie humo akiwa na uwezo wa kufikiri juu ya vitu vinavyotengenezwa. Kuna waliomwona mtu wa nadharia tupu. Mimi naona kwamba alikuwa akizungumzia Zone Industrielle.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwanafunzi. Rosemary Karuga, Mkenya aliyezaliwa 1928, alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile. Alirudi nyumbani akafundisha shuleni kwa miongo kadhaa, mbali na maonyesho na magazeti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kutengeneza picha kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi, na karatasi zenyewe zilikuwa pakiti za sabuni na za unga, kwa kuwa rangi zilikuwa ghali. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa New York. Siwezi kudai kwamba mkono wa Maloba umo ndani ya kila kipande. Ninachodai ni kwamba shule iliyomfundisha mtu kuitazama pakiti ya sabuni kama malighafi halali haikuwa shule ya ulinzi wa mila.

Waliofundisha kwa Kiswahili

Hapa lazima nimkosoe Maloba pia, au tuseme nikosoe mazingira yaliyomfunga. Alifundisha kwa Kiingereza. Hakuwa na hiari kubwa. Ndiyo iliyokuwa lugha ya Makerere, na Kiswahili kilitiliwa shaka Kampala kwa sababu za kisiasa tunazozijua. Matokeo yake ni kwamba miongo miwili ya mafunzo ya sanamu, pengine yaliyo bora kuliko yote katika ukanda huu, haikuacha istilahi za Kiswahili zinazoishi katika vinywa vya mafundi.

Linganisha na wahamiaji wengine wa wakati uleule. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi kwa ajili ya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walichonga mpingo na kufundishana chini ya mti, mwana kwa mjomba, mgeni kwa mwenyeji. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950. Roberto Yakobo Sangwani anahusishwa na ile minara ya watu waliobebana inayoitwa ujamaa. Leo hii katalogi za makumbusho ya Ulaya huandika shetani na ujamaa kwa Kiswahili, bila kutafsiri. Watu wasio na chuo, waliozungumza Kimakonde nyumbani, waliipa lugha yetu istilahi za uhakiki zinazotambulika duniani. Chuo kikuu hakikufanya hivyo. Elimo Njau, Mtanzania aliyesoma Makerere miaka ya 1950, alipoanzisha kituo cha sanaa Nairobi mwaka 1965 alikiita Paa ya Paa, mchezo wa maneno usiowezekana katika lugha nyingine. Ila jina la kituo si msamiati wa darasa.

Kinachofuata ni swali la sera, na naliweka mbele ya washauri walioko katika ukumbi huu. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza lake la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Burundi inakifundisha tangu shule ya msingi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar na inashughulikia istilahi. Itakapofika zamu ya sanaa za ufundi, je, wanakamati watakaa mezani na kutafsiri orodha ya Kiingereza, kama nilivyofanya mimi, au watakwenda karakana? Nauliza kwa sababu neno linalotakiwa ni gumu kuliko linavyoonekana. Mchongaji ni finyu. Mfinyanzi amefungwa kwenye vyungu. Muumbaji linagusa imani: kwa wasikilizaji wetu wengi, Waislamu na Wakristo, kuumba ni kwa Mungu, na sanamu yenyewe ni neno ambalo bado lina kivuli cha ibada ya masanamu. Mwalimu wa Buyenzi atakayesimama mbele ya wazazi na kusema anawafundisha watoto wao uumbaji wa sanamu atahitaji ujasiri usio wa lazima.

Napendekeza tuchukue jibu la yule fundi wa Uvira kwa uzito. Fundi, kufundisha, mwanafunzi: mzizi ni mmoja. Kwa Kiswahili, ajuaye kutengeneza na ajuaye kufundisha hawajatenganishwa. Fundi sanamu linambeba Maloba wa gogo na Maloba wa zege, na linabeba pia darasa lake. Chini yake tuweke vitenzi vinavyoishi tayari: kuchonga, kufinyanga, kujenga, kuchomelea, kusubu, na ile jozi niliyoisikia Zone Industrielle, kuongeza na kupunguza, ambayo naiona kuwa bora kuliko istilahi yoyote iliyobuniwa mezani.

Jambo la pili ni la karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Mikataba ya kutambuana sifa za kitaaluma imewagusa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi sanamu anayefundisha hayumo. Maloba wa leo, akitoka Mumias na kwenda Kampala, au akitoka Uvira na kuja Bujumbura, angeweza kuvuka. Asingeweza kuajiriwa kama mwalimu kwa nguvu ya mikono yake. Vijana wale wawili wa karakanani watakapomaliza kujifunza hawatakuwa na cheti cha kuonyesha walifundishwa na nani, wala mwalimu wao hana cheti cha kuwapa. Nilirudi pale mwezi uliofuata kuhakiki istilahi zangu. Geti lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mwenyewe, na mmoja wa vijana alikuwa ameanza kichwa kingine, peke yake, mwalimu akiwa amekaa pembeni anatazama kwa nyuma.